Munkoyo ndani ya sufuria ya umeme

Miaka hii ya karibuni, vijana wa Lubumbashi waliosoma umeme na mekanike wameanza kujitengenezea mitambo ya kupikia pombe nyumbani. Mtindo wameuchukua kwa watu wa Ulaya na wa Marekani, wale wanaopika bia yao wenyewe mu garaje siku ya posho: sufuria tatu za inoksi, rezistansi za kupasha maji, termostati ya kushika joto, na pompi ndogo ya kupitisha maji kutoka sufuria moja mpaka ingine. Ni kazi nzuri kwa macho. Na kwa kuwa shayiri haiko chakula cha kwetu, wamejaribu kupikia ndani yake munkoyo. Tumeonja, zaidi ya mara moja. Njo maana tunaandika.

Tuanze na sifa, maana ziko. Kupika munkoyo ya kuuza ni kusimama juu ya moto saa mbili au tatu, moshi mu macho, mwiko mukubwa mu mikono, na makala inalika tu. Makala ile inatoka mu miombo, na malori yanaenda kuitafuta mbali zaidi kila mwaka, kwa njia ya Kasenga, kwa njia ya Likasi. Mtu akipunguza mifuko ya makala mu kiwanja chake, amefanya kitu cha maana, hata kama bado hajatengeneza kinywaji kizuri. Hesabu yenyewe haitishi. Kupasha litre 40 za maji mpaka kuchemka (na kwetu hapa, mita 1 200 hivi juu ya bahari, maji yanachemka mbele ya kufika digri 100) kunaomba kilowati-saa tatu na nusu. Rezistansi ya kilowati 3 inaimaliza kwa saa moja na robo. Lakini rezistansi ile, kwa volti 220, inakula ampere karibu 14, na waya nyembamba tunazozoea kuunganisha kutoka kwa jirani haziwezi kuibeba. Zinayeyuka. Na sufuria ya chuma yenye maji na umeme bila waya ya kwenda mu udongo ni kaburi lenye mufuniko. Juu ya jambo hili vijana tuliowaona wamekuwa waangalifu, tunawapongeza.

Shida inaanza mahali pengine. Mtambo ule uliwazwa kwa ajili ya shayiri, na shayiri iko na akili yake. Ukiilowesha ikaota kidogo, kisha ukaikausha, ndani ya punje yenyewe kunazaliwa nguvu ya kugeuza wanga kuwa sukari. Basi Muzungu anaiweka ndani ya maji ya digri 65 hivi, anangoja saa moja, anachuja, kiisha anachemsha yale maji pamoja na maua ya hopi, anapoza, anatia chachu. Joto la kiasi kwanza, kuchemsha nyuma. Sufuria tatu zimepangwa kwa kufuata njia ile.

Munkoyo inatembea kinyume. Bunga ya mahindi haina nguvu ile. Inapikwa kwanza, tena inapikwa sana, mpaka uji mzito uive kabisa. Kiisha unaondolewa ku moto, unaachwa upoe mpaka mkono uweze kugusa sufuria, njo mizizi iliyotwangwa inaingia. Hapo kunafanyika ile ajabu ambayo kila mtoto wa Katanga ameiona: uji ambao mwiko ulikuwa unasimama ndani yake, kwa muda mfupi unageuka maji maji. Nguvu ya kuvunja wanga iko mu muzizi. Na muzizi ule ule unaleta pia chachu na vijidudu vya uchachu, vile vinavyofanya kazi usiku kucha mpaka kesho yake. Kitu kimoja, kazi mbili. Kuchemsha kuko mbele, na nyuma ya mizizi hakuna moto tena.

Kikundi kimoja kilifuata karatasi ya bia sawa vile ilivyo. Bunga na mizizi vilitiwa pamoja, digri 65, termostati inahesabu vizuri sana, kiisha vyote vikachemshwa saa nzima kwa jina la usafi. Siku ya pili ilikuwa sukari tupu. Siku ya tatu ilinuka. Wakatia levire ya mukate, na hapo kinywaji kikalewesha kweli, lakini kile kiuchachu kinachovuta ulimi na kuita bilauri ya pili hakikuwamo. Mama mumoja muuzaji, mutu mzima, alikionja, akacheka kwa heshima: « Weye mwanangu, munkoyo hairudishwake ku moto. Ukiirudisha, umeiua. » Kwa maneno hayo machache alikuwa amesema yote ambayo kitabu cha biolojia kingesema kwa ukurasa mzima.

Tunasikia mara nyingi wasomi wenzetu wakisema: bamama wanafanya kwa mazoea, vijana wanafanya kwa sayansi. Hatukubali. Kugusa sufuria kwa kiganja ili kujua kama mizizi inaweza kuingia, kule ni kupima. Termostati inapima sawasawa zaidi, ndiyo, na haichoke, lakini lazima mtu aiambie namba gani, na namba ile inajulikana na kiganja cha mama. Kilichokosekana mu kile kikundi haikuwa chombo. Hakuna aliyeenda kuuliza.

Kuna na kosa la rezistansi yenyewe. Ndani ya maji inafanya kazi vizuri. Ndani ya uji mzito inajivika koti la bunga, inaunguza, na sufuria nzima inapata harufu ya bukari iliyoshika chini. Pompi nayo haiwezi kusukuma uji. Wale waliofaulu, na wako, walitupa nusu ya mtambo: walibaki na sufuria kubwa yenye maji na rezistansi, na sufuria ya uji ikikaa ndani yake, mtu akikoroga kwa mwiko kama zamani. Umeme ukikatika katikati, blanketi inafungwa kuzunguka sufuria na joto linakaa. Ile haikupendeza macho sana. Lakini munkoyo yake ilikuwa munkoyo, na sisi tuliimaliza.

Kwa upande mwingine, kuna wakubwa wetu wanaokataa kila kitu. Wanasema kibuyu tu, chungu cha udongo tu. Lakini hao hao wanapeleka mahindi yao ku mashini ya kusaga, na wananunua munkoyo ndani ya bidoni ya plastiki bila kulalamika. Hata hivyo juu ya kibuyu wana sehemu ya haki. Kibuyu kinachotumiwa kila siku kinahifadhi chachu ya jana mu ngozi yake ya ndani, na kinaianzisha ya leo. Inoksi iliyosuguliwa na javeli haihifadhi kitu. Anayetaka inoksi abakize bilauri moja ya munkoyo ya jana, aitie mu ile ya leo. Bamama wengi wanafanya vile na bidoni zao tayari. Na usafi wa kweli uko mu maji. Uji umechemshwa, ndiyo, lakini kama mtu anaongeza maji ya kisima kisichofunikwa wakati wa kuchuja, inoksi itamsaidia nini?

Mtambo wa sufuria tatu unaomba feza ambayo mama wa soko hana. Ukifaulu, utakuwa mu mikono ya vijana wa kiume wenye feza, na munkoyo ndiyo ilisomesha watoto wengi wa mji huu wakati mishahara ya baba ilikatika. Ile sufuria ndani ya sufuria, kwa rezistansi moja, fundi wa mtaani anaweza kuitengeneza. Tungependa kuiona ku soko, mbele ya mtu yeyote kuanza kuchapisha etiketi za chupa. Tena chupa zenyewe ni hatari: munkoyo haisimamake kuchachuka kwa sababu imefungiwa, na plastiki inavimba mpaka inapasuka.

Inabaki mizizi. Umeme unaweza kupunguza makala, lakini kila litre inayoongezeka inaomba mizizi mingine, na mizizi ile inachimbwa mu pori, mu miombo ile ile inayokatwa kwa makala. Mmea ukichimbwa muzizi, mara nyingi unakufa. Mu mikutano ya hao vijana tulisikia mipango ya pompi ya pili na ya sufuria ya litre 200. Juu ya kupanda munkoyo mu shamba, hakuna aliyefungua kinywa.