Shukuru Uko Kwenu

Jumapili ya kwanza baada ya kurudi kutoka Doha nilisimamishwa mbele ya kanisa kule Manyatta, Embu, nikapewa maikrofoni. Mzee wa kanisa alitaka ushuhuda mfupi tu. Nilijua kinachotakiwa. Kila aliyerudi kutoka Ghuba amekisema: kule ni joto, kule hakuna anayekujali, kule hata mvua ni hadithi, kwa hivyo wapendwa tushukuru Mungu kwa hii nchi yetu. Nikasema hivyohivyo. Watu wakapiga makofi, mama akafuta macho kwa leso. Nikarudi kuketi nikihisi kama mtu aliyetia noti bandia kwenye kikapu cha sadaka na hakuna aliyeshtuka.

Sikuwa nimedanganya. Mvua niliikosa kweli. Kilichonisumbua ni kwamba ushuhuda wangu ulikuwa umeandikwa kabla sijapanda ndege. Ningekaa Doha siku mbili au miaka kumi, maneno yangekuwa yaleyale. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma watu waliokwenda mbali kisha wakaandika juu ya nyumbani, nione nani alitoa noti halisi.

Nianze na wangu, kwa ufupi, maana si wa ajabu. Niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo. Mama akauza ng'ombe wawili na kukopa kwenye chama ili ajenti alipwe, nami nikaenda kuwa soja, mlinzi wa mlangoni, kutoka 2021 hadi 2023. Tulilala wanane chumbani kwenye vitanda vya dabodeka. Zamu ilikuwa saa kumi na mbili. Pasipoti yangu iliishi kwenye kabati ya msimamizi, na mimi nikiishi kwingine. Mambo haya unayajua. Kama hukwenda wewe, amekwenda binamu yako.

Sasa vitabu. Waswahili wana historia ndefu ya kuandika safari za ughaibuni kuliko tunavyofunzwa shuleni. Martin Kayamba wa Tanga alikwenda London mwaka 1931 kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza iliyokuwa ikijadili kuunganisha makoloni ya Afrika Mashariki, na mwaka uliofuata kikatoka kitabu chake Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Kichwa chenyewe kimekaa kama ripoti ya karani, na Kayamba alikuwa karani kwelikweli. Anaona, anahesabu, anastaajabu. Namheshimu, lakini nikimsoma natafuta Tanga na siioni vizuri. Mgeni akishangaa sana ugenini, nyumbani kwake hufifia.

Mwaka huohuo wa 1931, Jomo Kenyatta alirudi London kwa mara ya pili, na hakuja nyumbani hadi 1946. Katikati ya miaka hiyo kumi na mitano alisoma chini ya Bronislaw Malinowski katika London School of Economics, na mwaka 1938 akachapisha Facing Mount Kenya. Ukitafsiri kichwa hicho unapata kitu kama kuuelekea Mlima Kenya. Swali langu la kijinga lilikuwa: akiwa amesimama wapi? Kwetu swali hilo si la mchezo. Ukiwa mjini Embu, mlima uko kaskazini yako. Ukiwa mjini Meru, uko upande wa kusini-magharibi. Mtu wa Embu na mtu wa Meru wakielekea mlima uleule kuomba, wanatazama pande tofauti za dunia. Kenyatta aliutazama kutoka jiji ambalo huwezi kuuona hata upande juu ya nini.

Hapo ndipo nguvu ya kitabu ilipo, na hapo ndipo udhaifu wake ulipo. Nguvu: mtu aliyeambiwa kwamba kwao hakuna sheria, hakuna elimu, hakuna serikali, anakaa chini kwenye baridi na kueleza jinsi shamba linavyomilikiwa, jinsi vijana wanavyofunzwa, jinsi wazee wanavyoamua kesi. Anakumbuka kwa undani, na undani huo ni hoja. Ile hekaya yake ya tembo anayemwomba mtu aingize mkonga tu kibandani, kisha akachukua kibanda chote, bado inawauma watu hadi leo kila kesi ya ardhi inapoahirishwa.

Udhaifu: umbali unapiga pasi. Mambo yanakaa sawa mno. Watu wa kitabuni hawachelewi, hawakopi, hawalewi ovyo, na hata picha yake mwenyewe mle ndani, amevaa vazi la ngozi na kugusa ncha ya mkuki, ni picha ya mtu aliyevaa nyumbani kama joho. Simlaumu sana. Nimefanya hivyohivyo. Usiku wa zamu, nje kukiwa na joto la oveni, nilikuwa nikitembea akilini kutoka Embu hadi Meru: Runyenjes, daraja la Thuci, Chuka, mabonde yale yanayoziba masikio, Nkubu, migomba, chai, hadi Makutano. Katika barabara yangu ya akilini hakukuwa na Nithi. Unajua Nithi ninayoisema, lile daraja ambapo Julai 2022 basi lilitumbukia bondeni na watu zaidi ya thelathini wakafa. Habari hizo nilizipata kwa simu nikiwa Doha, nikalia na mwenzangu wa Chogoria, kisha usiku uliofuata nikatembea tena barabara yangu na daraja halikuwepo. Akili ilikuwa imelitoa. Shukrani ya mbali hufanya hivyo: inakarabati barabara ambayo serikali haijakarabati.

Kwa sababu hiyo Binyavanga Wainaina alinikamata. Hadithi yake Discovering Home, iliyochapishwa mtandaoni na kushinda Tuzo ya Caine mwaka 2002, inaanzia Cape Town na kuja Kenya, kisha inaendelea Uganda kwa watu wa mama yake, ambako familia iliyotawanyika nchi nyingi inakutana. Ukisoma pamoja na kumbukumbu zake za 2011, One Day I Will Write About This Place, unagundua anarudi akiwa nani. Alikwenda Afrika Kusini kusomea biashara chuo kikuu, na masomo yakamshinda akabaki chumbani na vitabu vya hadithi. Anarudi bila digrii. Harudi kama Kayamba mwenye ripoti wala kama Kenyatta mwenye hoja ya kushinda. Anarudi na aibu, na aibu ina macho makali.

Ninalisema hili kama mtu aliyeacha chuo na anajua njia za kupita ili usikutane na mwalimu wako wa zamani sokoni. Aliyerudi mikono mitupu hana ruhusa ya kutoa hotuba, kwa hivyo anaangalia. Binyavanga anaangalia makanga, mavazi, jinsi mtu anavyobadilisha lugha mara tatu kabla hajamaliza sentensi moja. Anaposhangazwa na nyumbani, hafikii uamuzi kwamba ni pazuri kuliko kwingine. Hata hafanyi mashindano. Na mbele ya jamaa wa mama yake anakuta kwamba kwao kwa pili hana lugha ya kutosha ya kuongea na watu wake. Nyumbani panamzidi. Hiyo kwangu ndiyo shukrani ya kwanza iliyonunulika sokoni.

Nina lalamiko moja tu juu yake: pale alipotoka, angeweza kurudi. Tikiti ilikuwa shida ya pesa na moyo, si shida ya kabati ya msimamizi. Kwa hilo inabidi nimtaje mwandishi ambaye magazeti ya fasihi hayamhesabu kama mwandishi. Malcolm Bidali alikuwa soja Qatar kama mimi. Aliandika kwa jina la Noah juu ya vyumba vyetu, vitanda vyetu, zamu zetu. Mei 2021 alikamatwa, akazuiliwa takriban mwezi mmoja, sehemu kubwa akiwa peke yake, kisha akatozwa faini ya riyali 25,000. Agosti akaondoka nchini. Tulisoma makala zake kwa simu, kwa kificho, tukipitishiana. Ndani yake hakuna mlima wala mvua. Ni maisha ya mtu aliyeko hapo alipo, akisema choo ni kimoja na sisi ni wengi. Lakini nilipoyasoma nilisikia sauti ya Kenya kuliko kwenye wimbo wowote wa kizalendo, ile sauti ya abiria anayemwambia makanga, buda, chenji yangu. Kama kuna kitu nilichokipenda upya kuhusu kwetu nikiwa mbali, ni hicho. Tunalalamika kwa sauti kubwa mbele ya mwenye kosa. Hukijui thamani yake hadi uishi mahali ambapo mtu anafungwa kwa kukifanya.

Na bado ningekosea kama ningesema waandishi hawa ndio walioanza. Upande wa baba ni Meru, Imenti, na babu alitusimulia juu ya Mbwaa kabla sijajua kusoma. Bernardo Bernardi aliiandika katika kitabu chake cha 1959 juu ya Mugwe, Jeffrey Fadiman akairudia katika chake cha 1993, na wengi husema Mbwaa ni kisiwa cha pwani, huenda Manda karibu na Lamu. Lakini mimi naihukumu kama hadithi. Wameru walikuwa kisiwani chini ya Nguo Ntune, watu wa nguo nyekundu, waliowafanya watumwa. Mabwana wakawapa kazi zisizowezekana: leteni kiatu chenye manyoya pande zote mbili, leteni mkuki unaogusa mbingu. Wakafikiri, wakatafuta hila, na mwisho wakatoroka. Kiongozi akapiga maji kwa fimbo, maji yakagawanyika, wakavuka kwa makundi, weusi, wekundu na weupe, hadi wakafika chini ya mlima.

Nilipokuwa mtoto niliipenda kwa sababu ya fimbo. Baada ya Doha naipenda kwa sababu ya kiatu. Aliyewahi kuambiwa na bosi asimame saa kumi na mbili bila kuegemea ukuta na aonekane mchangamfu, anajua kiatu chenye manyoya pande zote mbili ni nini. Ila angalia hadithi inavyofanya kazi. Kwenye hotuba za kanisani, nyumbani ni mahali ulipotoka, na kosa lako lilikuwa kuondoka. Kwenye Mbwaa, nyumbani ni mahali mlipofika. Hakuna anayewaambia wale watu washukuru walipo. Wangeshukuru, tungekuwa bado kisiwani. Nchi yetu, kwa masimulizi yetu wenyewe, ilianza na watu waliokataa kushukuru.

Upande wa mama, Embu, kuna hadithi nyingine. Mwenendega alimkuta mwanamke majini, Mbui Njeru, karibu na Runyenjes, akamwoa kwa sharti kwamba asimkumbushe kamwe alikotoka. Siku alipomkumbusha, kila kitu kikaharibika. Nimeifikiria sana tangu ile Jumapili. Mmeru ndani yangu anataka kusimulia kisiwa chote. Mwembu ndani yangu anaomba asiulizwe, angalau si kwa maikrofoni.

Ninaandika haya kwa sababu si mambo ya maktaba kwetu. Dada yangu mdogo ana miaka ishirini na mbili, ana cheti cha upishi, na tangu amalize amepata kazi ya miezi miwili tu. Pasipoti yake ilitoka mwezi jana. Ajenti anasema Riyadh. Mama amenipigia mara tatu: ongea naye, wewe umefika, mwambie ashukuru alipo. Na mimi nimesoma vitabu vyote hivi, nikikaa kuongea naye maneno ya kanisani ndiyo yanakuja kwanza mdomoni.

Lakini ashukuru nini hasa? Mlima anauona kila asubuhi mawingu yakitoka. Muguka haukosi wanunuzi, na sisi hatuna shamba la muguka. Nikimwambia asiende kwa sababu nyumbani ni nyumbani, atanijibu kwamba nyumbani ni mimi na mama tukimuomba salio la simu. Atakuwa sawa. Shukrani inayotumiwa kumzuia mtu mlangoni ni kufuli tu, hata ukiipaka rangi za bendera.

Kwa hivyo Jumamosi nilimtumia ujumbe wa sauti wa dakika tisa. Nilimwambia ya chumba cha wanane bila kupunguza. Nilimwambia apige picha kila ukurasa wa pasipoti na wa mkataba, anitumie mimi na mtu mwingine asiye wa familia. Nilimwambia ni kweli kule nililia kwa ajili ya harufu ya udongo wa Manyatta mvua inapoanza, na ni kweli pia kwamba nilipofika niliukuta mkopo wa chama bado unadaiwa na barabara bado ina mashimo. Halafu nikamsimulia Mbwaa, yote, hata kiatu.

Alinijibu jioni. Aliuliza, "Sasa wale wa Mbwaa, walikuwa na ajenti?"

Nilicheka hadi mama akatoka jikoni kuuliza ni nini. Dada bado hajaamua. Mimi nami bado nadaiwa ushuhuda, na mzee wa kanisa ameniambia kuna nafasi mwezi ujao.