Kamba Wawili Tu

Kwenye meza za samaki za Soko la St. Lawrence, mjini Toronto, mfugaji wa anemoni hujulikana kwa kununua kidogo. Wenzake hubeba kilo za kamba; yeye anataka wawili, tena anawachungulia kama anayenunua pete.

Ana sababu. Anemoni anaonekana kama ua lililopandwa mwambani, lakini ni mnyama, na mdomo wake mmoja ndio pia njia ya kutolea taka. Jamii inayopendwa zaidi majumbani, Entacmaea quadricolor, hupatikana pia kwenye matumbawe ya Afrika Mashariki. Ndani ya minyiri yake huishi miani midogo sana inayotengeneza sukari kwa mwanga na kumgawia mwenyeji wake. Nyama, kwa hiyo, ni kitoweo cha mara moja au mbili kwa wiki. Kwa mlaji wa namna hii, ubora wa tonge moja unazidi wingi.

Kamba anayefaa ni mbichi, wa rangi ya kijivu. Akiwa wa waridi mwili mzima, mara nyingi amekwisha pikwa. Anuswe: harufu ya bahari ni njema, harufu inayochoma pua ni ya kuachwa hapo hapo. Akiwa wa pakiti, kinachoamua ni lebo. Wasindikaji wengi huongeza fosfati ya sodiamu ili nyama ishike maji, na uzito upande. Mlaji wa mezani huibiwa gramu chache tu, ila ndani ya tangi fosfati hulisha mwani unaotambaa kwenye kioo. Lebo bora inataja kamba, basi.

Kome wana heshima kubwa zaidi, na Toronto haina shida nao: wengi hutoka Kisiwa cha Prince Edward, na huuzwa wakiwa hai. Gamba lililo wazi likigongwa linapaswa kujifunga. Lisipofunga, litupwe. Ushahidi wa kome ni wa kale. Mwaka 1828 mtaalamu wa viumbe John Graham Dalyell alimchukua anemoni kwenye ufuko wa Uskoti. Mnyama huyo, aliyekuja kuitwa Granny, alitunzwa Edinburgh hadi alipokufa mwaka 1887. Alilishwa vipande vya kome. Chakula cha kopo gani kinaweza kujivunia miaka 59?

Ngisi anafaa akiwa mweupe na bila madoa ya waridi. Kinachopaswa kutiliwa shaka ni samaki wadogo wa maziwa ya jirani, smelt na alewife. Miilini mwao mna kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na katika Ziwa Ontario samoni waliozoea kula alewife walitaga mayai ambayo vifaranga wake walikufa. Anemoni si samoni, lakini mfugaji mwangalifu hana haja ya kubahatisha.

Kwa anemoni mdogo, au aliyepauka kwa kupoteza miani yake (weupe huo huwavutia wanunuzi wageni, nao ni ugonjwa), tonge la kamba ni zito. Hapo uduvi ndio dawa: kidogo kidogo, mara nyingi zaidi. Kanada ina wake, aina ya mysis wanaovuliwa Ziwa Okanagan, British Columbia. Waliingizwa humo mwaka 1966 wawe chakula cha samaki aina ya kokanee, wakaishia kushindana nao kwa chakula. Leo huuzwa wakiwa wamegandishwa. Mchemraba mzuri ukiyeyuka huacha uduvi wazima wenye macho meusi. Ukiacha uji, uligandishwa mara ya pili.

Kipande kisizidi upana wa mdomo. Huyeyushwa kwenye maji ya tangi, pampu hupunguzwa, kisha huwekwa kwa kibano juu ya minyiri, kabla samaki wa tangini hajakinyakua. Minyiri ikinata na kukunjamana, mlo umekubaliwa kwa muda. Hukumu yenyewe hutoka kesho yake. Vijidonge vya hudhurungi ni kinyesi cha kawaida. Nyama nyeupe iliyorudishwa ikiwa imefunikwa ute ina maana ilikuwa kubwa mno au imechacha. Iondolewe haraka, na safari ijayo ikatwe nusu.

Kamba wa pili, kama wa kwanza alipendeza, huishia kwenye sufuria ya nazi.