Waridi la Chuma Hukaguliwa Chini

Ukikabidhiwa waridi la chuma, usianze na petali za juu. Ligeuze. Juu kila fundi huparemba, maana ndipo panapouza. Pale chini, petali zinapokutana na shina, ndipo utakapojua kama aliyelitengeneza aliwahi kushika waridi halisi akalitazama sawasawa.

Waridi lina sepali 5 zinazozishika petali zake kwa chini. Katika aina nyingi hazifanani: mbili zina ndevu pande zote, mbili hazina kabisa, na ya tano ina ndevu upande mmoja tu. Simdai kila fundi ajue hilo. Lakini nikikuta sepali zenyewe hazipo, petali zimebandikwa kwenye kipande cha nondo kwa donge la kuchomelea, sinunui. Nairobi mawaridi huuzwa pembeni mwa barabara; fundi hana udhuru wa kukosa kielelezo.

Mafundi wa jua kali wa Kamukunji wamezoea kukata mapipa ya mafuta kuunda majiko na masanduku, na bati hilohilo hutoa petali nzuri kwa mwenye subira. Petali hugongwa juu ya gogo lenye kishimo mpaka itumbukie katikati kama kijiko, kisha ukingo wake hukunjwa nje kwa koleo. Pitisha kidole taratibu: ukikwaruzwa, tupa haikupita. Petali za kati zijiviringe kwa kukaza, za nje zilegee, na kila moja izibe pengo la zile za chini yake. Zote zikilingana ukubwa na mkunjo, ua limekufa kabla ya kuzawadiwa.

Shaba ina masharti yake. Kadiri inavyogongwa ndivyo inavyokakamaa, kwa hiyo fundi huipasha moto mpaka iwe nyekundu kwa mbali, huipoza, ndipo anaendelea. Mwenye haraka huiruka hatua hii. Inua petali juani na utafute nyufa nyembamba ukingoni; ukiziona, zitazidi.

Kuhusu rangi, nina upande wangu: rangi ya moto inaishinda ya kopo. Chuma kilichosuguliwa kwa msasa kikipashwa hugeuka rangi ya nyasi kavu kwenye nyuzi 220 hivi za Selsiasi, kikaingia kahawia na zambarau, kikafika buluu karibu na nyuzi 300. Fundi aliyeiva huondoa moto wakati ncha ya petali ina buluu na kitako chake bado kina manjano, na mpito huo kati ya rangi na rangi haupatikani kwa brashi. Ila rangi hiyo ni utando mwembamba mno. Uliza kama umefunikwa kwa nta au vanishi isiyo na rangi. Zawadi ikienda Mombasa au Lamu, kwenye upepo wa chumvi, agiza shaba: haishiki kutu, hugeuka kahawia na hatimaye kijani, nayo inapendeza hivyo.

Na tafadhali usimshinikize fundi achomelee mabati ya kuezekea ili upunguziwe bei. Zinki iliyo juu yake hutoa moshi unaomletea homa.

Zawadi ya kuagiza haitoshelezwi na jina lililochorwa shinani. Mpe fundi ua la mpokeaji mwenyewe. Bibi wa pwani aliyezoea asumini ukimpa waridi, umempa zawadi ya mtu mwingine, ingawa asumini ni kazi ngumu zaidi kwa sababu ya mrija wake mwembamba chini ya petali. Au mpelekee chuma chenye historia: spoku za baiskeli ya baba zinafaa kabisa kuwa mashina.

Kabla ya kulipa salio, lishike shina ulitikise karibu na sikio. Petali ikilia, kuna kiungo hakikushika; mrudishie fundi akirekebishe ukiwa hapohapo.