Wimbo Unaofuata Pumzi

Bembelezi ni wimbo wa mtu aliyechoka. Sauti haipandi sana, maneno ni machache na yanajirudia, na mdundo wake ni mwendo wa mtu anayezunguka chumbani usiku na mtoto begani. Mama anaweza kuuimba macho yakifumbika, akasahau ubeti, akaurudia uleule, na hakuna kilichoharibika. Katika British Museum, jijini London, kuna kibao cha udongo cha Babeli chenye umri wa miaka ipatayo 4,000, kilichoandikwa maneno ya kumtuliza mtoto anayelia. Mtoto anaambiwa kelele zake zimemwamsha mungu wa nyumba. Kumbe vitisho havikuanza na bibi zetu na mazimwi yao.

Wimbo huu sasa una kazi hospitalini. Watabibu wa muziki wanautumia wodini, na wodi inayoonyesha ufundi wao waziwazi ni ya watoto njiti. Humo joto lipo la kutosha, ila utulivu ni wa kutafuta: pampu zinavuma, ving'ora vya mashine vinalia, vijilango vya plastiki vinabamizwa. Mtoto huanza kusikia angali tumboni, hivyo aliyezaliwa mapema amenyang'anywa sauti ya mama yake akapewa ya mitambo.

Mwaka 2013, mtabibu Joanne Loewy wa New York na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa katika hospitali 11 kwa watoto 272. Walitumia ngoma bapa ya duara yenye vidude vidogo ndani, ambayo ikiinamishwa taratibu hutoa mvumo kama wa tumboni. Walitumia pia kisanduku cha mbao kinachogongwa kwa vidole mfano wa mapigo ya moyo. Na wimbo uliochaguliwa na wazazi. Mapigo ya moyo ya watoto yalipungua, na wasiwasi wa wazazi nao ukapungua.

Ufundi wenyewe ni wa kutazama kabla ya kuimba. Mtabibu huinama akaangalia kifua kidogo kinavyopanda na kushuka, halafu huguna noti moja tu. Akishaipata kasi ya ile pumzi, huifuata ilivyo, hata kama ni ya mbio. Kuipunguza huja baadaye, kidogokidogo. Mtoto akitanua vidole, akakunja uso au akashikwa na kwikwi, amesema imetosha, na wimbo hukatwa hapohapo hata kama ni katikati ya neno. Kwa sababu hiyo simwamini anayeacha simu ipige bembelezi usiku kucha kando ya kitanda. Simu haioni vidole.

Wala si lazima wimbo uwe wa kubembelezea. Mzazi akileta wa kwaya au wa dansi, mtabibu huupunguza mwendo, akauvua madoido, akautia mdundo wa tatutatu wenye kubembea. Nadhani hata taarab ya mipasho ingefaa. Mtoto hajui anayesemwa.

Hata hivyo, mgonjwa wa wimbo huu si mtoto peke yake. Kuimba taratibu ni kutoa pumzi ndefu, na pumzi ya kutoka ikirefuka, moyo wa mwimbaji nao hupunguza kasi. Mama aliyempakata mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, kwa njia ya kangaruu iliyoanzia Bogotá mwishoni mwa miaka ya 1970, humfikishia wimbo kwa sikio na kwa mtetemo wa mbavu. Na maneno ya bembelezi zetu, ukiyasikiliza vizuri, mara nyingi ni mashtaka: baba kasafiri, chakula hakuna, wifi kasema. Mama anamwimbia mtoto yale ambayo hangethubutu kumwambia mkwewe. Mtabibu stadi haondoi maneno hayo kwa kisingizio cha kumtuliza mgonjwa. Humshikia mama sauti pale inapotetemeka, kisha hushusha yake mpaka mama abaki akiimba mwenyewe.

Siku ya kuruhusiwa, ngoma na kisanduku hubaki wodini kwa watoto wengine. Wimbo huenda nyumbani, na baba, aliyekuwa akijitetea kwamba hana sauti, ana zamu yake saa nane usiku.