"Udaktari wa Pamoja": Tafsiri Inayopotosha

Hivi karibuni nilisoma tafsiri ya vyeti iliyomtaja mhitimu mmoja wa Marekani kuwa ana "udaktari wa pamoja wa sheria na falsafa". Sarufi yake haina kasoro. Maana yake ndiyo mbovu.

Kwanza, udaktari. Juris Doctor ya Marekani ni shahada ya kumwandaa mtu kwa kazi ya sheria. Mwanafunzi huianza akiwa tayari na shahada ya kwanza ya fani yoyote, husoma miaka 3, na kwa kawaida haandiki tasnifu. Hadi miaka ya 1960 vyuo vingi vya huko viliiita LL.B., jina lile lile litumikalo Dar es Salaam hadi leo. Yale ilibadili mwaka 1971. Kilichopandishwa kilikuwa jina. Sasa, mfasiri akiiita hii "udaktari wa sheria", ataiitaje S.J.D., iliyo shahada ya utafiti hasa? Na LL.D., ambayo huko hutolewa kwa heshima tu?

"Falsafa" nayo ni tafsiri ya sisisi. Mhitimu wetu alitafiti uchumi, wala hakugusa falsafa. Uzamivu wa uchumi: basi.

Lakini neno linalodhuru zaidi ni "pamoja". Msomaji atadhani shahada ni moja, hali vyeti ni viwili. Kila kitivo humpokea mwanafunzi na kumtunuku kwa masharti yake. Ila baadhi ya kozi huhesabiwa pande zote mbili, ndipo muda hupungua. Afisa wa utumishi akisoma "udaktari wa pamoja", atampunja mwombaji huyu shahada nzima. Na kesho yake, akisoma "udaktari" kwa mwenye Juris Doctor peke yake, atamweka juu ya mwenye uzamili wa sheria bila haki.

Napendekeza "masomo sambamba ya shahada ya sheria (Juris Doctor) na uzamivu wa uchumi". Wapo watakaopenda "shahada ya uwakili". Siafiki, kwani mwenye nayo bado hana budi, katika majimbo karibu yote, kufaulu mtihani wa mawakili. Wengine watasema mfasiri hana mamlaka ya kumvua mtu udaktari. Kweli, na ndiyo sababu jina la asili libaki ndani ya mabano, kama lilivyochapwa kwenye cheti.