Taa ya Dagaa Ikififia, Tazama Waya

Nyakati za giza, mbalamwezi ikiwa haipo, Ziwa Tanganyika mbele ya Kibirizi na Katonga, Kigoma, hujaa taa. Dagaa huvutwa na mwanga. Kwa miongo mingi mwanga huo ulitoka kwenye karabai za mafuta ya taa. Siku hizi wavuvi wengi hubeba betri na taa za LED.

Karabai ilijitegemea, kila moja na tangi lake. Taa za betri hugawana umeme, na shida huanzia hapo. Taa iliyong'aa vizuri dukani Ujiji hufifia ikishafungwa mtumbwini, na lawama zote huangukia betri. Mara nyingi betri haina kosa.

Volti ni msukumo wa umeme. Ampea ni kipimo cha mkondo, yaani wingi wa umeme unaopita kwenye waya kila sekunde. Zidisha volti kwa ampea, utapata wati, ambayo ndiyo nguvu inayotumika. Taa ya wati 10 kwenye betri ya volti 12 huvuta ampea 0.83. Nyumbani, kwenye volti 230, taa ya wati hizo hizo huvuta kama ampea 0.04 tu. Msukumo ukiwa mdogo, mkondo hauna budi kuwa mkubwa, na mkondo mkubwa hutaka waya mnene.

Chukua taa sita kama hiyo ya volti 12, zimefungwa kwenye waya mmoja wa shaba, mita 10 kutoka kwenye betri. Zinahitaji ampea 5. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo njia yake ni mita 20. Waya mwembamba wa milimita za mraba 0.5 una ukinzani, yaani uzuiaji wa mkondo, wa karibu omu 0.7 kwa urefu huo. Zidisha omu hizo kwa ampea 5: volti 3.5 zimeishia njiani, taa zimebakiwa na 8.5. Ni hesabu ya haraka, maana volti zikishuka mkondo nao hubadilika, lakini inaonyesha ukubwa wa hasara: zaidi ya robo ya nguvu ya betri imegeuka joto ndani ya waya. Weka waya wa milimita za mraba 2.5, na kinachopotea ni volti 0.7 tu.

Kupima ni rahisi. Washa taa zote, pima volti kwenye betri, kisha pima pale taa zilipo. Tofauti ikiwa kubwa, kagua waya na viungo vyake, hasa vile vilivyosokotwa kwa mkono na kuzungushiwa mfuko wa plastiki.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayoongoza njia kuu za umeme. Kwa miaka mingi mji wa Kigoma uliwashwa na majenereta ya dizeli ya TANESCO, nje ya Gridi ya Taifa. Kuusafirisha umeme wa gridi hadi huko, kwa mamia ya kilomita, kunataka volti zipandishwe hadi maelfu mengi ili mkondo upungue, kwa sababu mkondo ukipungua kwa nusu, nguvu inayopotea kwenye waya ule ule hubaki robo.

Jambo moja la usalama mtumbwini. Volti 12 hazimtikisi mtu mwenye mikono mikavu, lakini nyaya mbili za betri zikigusana, mkondo unaweza kufika mamia ya ampea na waya ukawaka moto. Kwa taa hizo sita na waya ule mnene, fyuzi ya ampea 10 inatosha, nayo ifungwe karibu kabisa na ncha chanya ya betri.