Bisibisi Inayojua Kuachia

Muuzaji alikuwa ametandika gunia pembeni mwa soko, Tabora mjini, na juu yake amepanga spana, koleo, nyundo zisizo na mipini na bisibisi zaidi ya ishirini. Nilipookota moja, akanionea huruma. "Hiyo ncha imevunjika, mzee wangu. Lete nikuchongee, au chukua hii nzima."

Nikamwomba asiiguse. Ncha ile haikuvunjika. Kuna mtu aliketi na tupa akapunguza chuma kulia na kushoto, kidogo kidogo, akabakisha katikati kijisumari chembamba cha milimita chache. Aliyeifanya simjui, lakini kazi yake naijua.

Spoku ya baiskeli ina unene wa milimita 2 hivi. Ukiisukuma inapinda kama ubua. Gurudumu halibebi kwa kusukumwa. Linabeba kwa sababu spoku zote zinavuta, na zinavuta sawasawa. Mhandisi Jobst Brandt aliliandikia jambo hilo kitabu kizima mwaka 1981. Gurudumu la nyuma la baiskeli zetu za kazi lina spoku 40, la mbele 32. Kila moja inatoka kwenye habu na kupokelewa kwenye ringi na nipeli, kile kikofia kidogo kinachozungushwa ili kuikaza. Sasa tia kijisumari cha bisibisi ile kwenye tundu la nipeli, kutokea mgongoni mwa ringi, uzungushe. Nipeli inateremka kwenye thredi, spoku nayo inazidi kuingia, mpaka ncha yake inakigusa kijisumari na kukisukuma nje. Bisibisi inaachia yenyewe. Zungusha utakavyo, nipeli haiendi tena. Spoku zote 72 zinasimama kwenye kina kimoja kabla hujaanza kukaza hata moja.

Muuzaji alitaka elfu mbili. Nilimweleza kwanza anauza nini, kisha nikampa elfu tano.

Kazi hii nilifundishwa na mjomba wangu chini ya mwembe, na mwaka mzima hakunishikisha spana ya spoku. Alinipa tupa. Nilinung'unika sana. Sasa naona alinianzishia panapostahili, maana kifaa cha kusukia gurudumu hakinunuliwi kikiwa tayari. Unakinunua kikiwa karibu kuwa tayari, safari iliyobaki ni yako.

Chukua hiyo spana yenyewe. Za dukani zina vipimo: milimita 3.23, 3.30, 3.45. Kampuni ya Park Tool ya Marekani huzipaka nyeusi, kijani na nyekundu ili mtu asizichanganye. Kati ya ndogo na kubwa pana milimita 0.22, yaani karatasi mbili za daftari. Lakini spana ikilegea kwa karatasi hizo mbili, inakula kona za nipeli hadi ile iliyokuwa na pande nne inakuwa duara, na hapo dawa ni kukata spoku. Na kopo la fundi wa kwetu lina nipeli zilizotoka India, China, na kwenye baiskeli za mtumba za Ulaya na Japani. Mjomba alinunua spana ndogo kuliko aliyoihitaji, siku zote. Ndogo utaipanua, kubwa haina marekebisho. Unaibana kwenye jiliwa, unapitisha tupa bapa mara tatu upande huu, mara tatu upande ule, unajaribu kwenye nipeli, unarudi. Ikiwa imekubali, inaingia kwa kusukumwa kidogo, na ukiiachia mkono inabaki imening'inia.

Stendi ya kunyooshea ringi alijitengenezea kwa uma wa baiskeli iliyogongwa, akaufunga kichwa chini kwenye gogo. Uma wa mbele ni mwembamba, habu ya nyuma haienei, basi akautanua kwa boliti ndefu na nati mbili. Kila upande alifunga kipande cha spoku kilichopindwa, kikiikaribia ringi bila kuigusa. Ringi inayocheza inakikwaruza, nawe unasikia ni wapi kabla hujaona. Stendi za kiwandani, zile nzito zisizotikisika, nimezitumia na ninazipenda. Sikio nililipata kwenye ule uma.

Kipo kimoja ambacho simshauri mtu akiguse kwa zana za kubahatisha: thredi za spoku. Spoku nzuri haikatwi thredi, inaviringishwa kwa nguvu mpaka chuma kinainuka, ndiyo maana penye thredi ni panene kuliko spoku yenyewe. Ukikata, umeondoa chuma pale pale panapovutwa. Mashine za kuviringisha zipo, Phil Wood wa Marekani na Hozan wa Japani wamezitengeneza. Asiye nayo anunue spoku za urefu kamili, hata kama ni za kungojea wiki mbili.

Mwaka jana niliuza spana moja ya mjomba. Mnunuzi alikuwa kijana anayesuka magurudumu ya baiskeli za kubebea maji. Aliniamkia, akatoa nipeli mfukoni mwa shati, akaijaribisha. Haikuingia.

"Mzee, una tupa?"

Nilijua anachoomba. Tupa ikishapita, spana ile haitazishika tena nipeli nilizozikaza nayo maisha yangu yote. Nilikwenda ndani nikarudi na tupa bapa, nikambania spana kwenye jiliwa. Akapitisha mara tatu upande huu, mara tatu upande ule, akajaribu, akarudi. Safari ya nne ikaingia. Akainyanyua nipeli kwa vidole viwili usawa wa macho, akaiachia spana. Ikabaki imening'inia.